Evodia na Koo la Mbuzi

Ukitaka kumjua Evodia, nenda stendi ya mabasi Singida alfajiri, usimame tu. Utamsikia kabla hujamwona. Anauza kuku wa kienyeji kwa abiria, na anavyowasifu, kuku wenyewe wangeelewa wangekataa kuchinjwa. Mwili anao, mdomo anao zaidi, na hakuna mnunuzi aliyewahi kumshinda kwa maneno. Kilichomshinda ni mlima.

Mlima unaitwa Unyangwe, uko nje ya mji, ukishayapita mashamba ya alizeti ya Mwankoko. Zamani waliopanda huko walikuwa wachunga mbuzi na pimbi basi. Siku hizi kila Jumamosi asubuhi nusu ya mji iko mlimani: walimu na raba zao mpya, wanakwaya, wachumba wanaotafuta pa kupigia picha. Evodia naye alianza kwenda baada ya nesi kumpima presha, akaguna, akampima tena.

Aliambiwa atembee. Mumewe aliondoka kwa kiharusi, na siku zake za mwisho alikuwa wa kugeuzwa kitandani kama kitoto kichanga. Evodia ndiye aliyemgeuza, na moyoni akaapa kwamba yeye hatabebwa na mtu. Siku atakayofika kilele cha Unyangwe kwa miguu yake mwenyewe, ndipo ataamini kwamba kitanda kile hakimngoji.

Basi pale karibu na kilele pana mahali panapoitwa Koo la Mbuzi. Majabali mawili yamebanana, yameacha upenyo, na ndani ya upenyo kuna jiwe linalomfika mtu kifuani. Wembamba hulidandia. Wengine huvutwa mkono. Evodia kila Jumamosi hufika hapo, akalitazama jiwe, kisha akakumbuka ghafla kwamba kuku hawajalishwa.

Bonaventura hakumwacha apumue. Huyu ni mstaafu wa reli kutoka Manyoni, Mgogo, kwa hiyo kwa Mnyaturu kama Evodia ni mtani wa kuzaliwa. Ndiye aliyejipa uongozi wa kikundi chao cha mazoezi.

"Nyie Wanyaturu mmejaliwa kuku," alimwambia Jumamosi hiyo wakiwa bado chini. "Miguu, Mungu alisahau."

"Na nyie mkiona kivuli mnakaa," Evodia akajibu. "Leo nafika juu bila kushikwa na mtu. Nikifika, unakuja stendi kuniuzia kuku kutwa nzima, na kila basi unalitangazia kwamba Wagogo mmeshindwa."

"Na usipofika?"

"Nakupikia jogoo."

"Na firigisi?"

"Na firigisi, mlafi wewe."

Loyce, jirani yake Evodia, mwembamba kama bua la mtama, akawa shahidi. Wakapanda. Walipofika Kooni, Loyce akadandia jiwe, akageuka kumpa mkono, lakini Evodia akaurudisha.

"Tangulieni huko! Siwezi kupanda mkiwa mnanikodolea macho."

Wakatangulia, Bonaventura akijilamba midomo kwa makusudi.

Alipobaki peke yake, Evodia akavua raba, akakaza kitenge juu ya suruali ya mazoezi, akajaribu. Goti halikufika. Akajaribu kwa ubavu, ubavu ukakwama. Akajaribu kwa tumbo, akaning'inia kidogo, akateleza mpaka chini. Pimbi mmoja akatoka kwenye ufa kuja kuangalia.

"Na wewe unacheka?" Evodia akamfokea. Machozi yalikuwa karibu, na hayakuwa ya jogoo. Alikuwa anaogopa, anakiona kile kitanda.

Hapo akasikia mtu anashuka kutoka juu huku akiimba besi. Ile sauti aliijua. Mungu wangu! Peniel, mume wa binti yake Leah, bodaboda wa Ilongero, aliyekuja alfajiri kusali kileleni na kwaya yake na sasa anawahi abiria.

Asiyejua mila zao atasema afadhali, msaada umefika. Msaada gani! Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Tangu Leah aolewe, hawa wawili walisalimiana huku mlango ukiwa katikati. Sasa ndani ya Koo la Mbuzi pori liko wapi?

Evodia akaugeukia mwamba, akajifunika mtandio usoni. Peniel alipomwona, besi ikamkatikia njiani, akainua uso juu.

"Shikamoo, mama," aliliambia wingu.

"Marahaba, baba," Evodia akaliambia jiwe. "Leah hajambo?"

"Hajambo, mama. Na mbuzi wazima."

Pimbi akawatazama kwa zamu.

"Pita basi, baba."

"Sina pa kupita, mama. Umejaa." Akashtuka. "Yaani, njia imejaa!"

Evodia alitaka kurudi nyuma ampishe, miguu ikakataa. Angerudi leo, asingekuja tena, na alijua hivyo.

"Nilikuwa napanda," alisema, na sauti ile ya stendi haikusikika kabisa.

Peniel akamwomba asogee, akashuka kinyumenyume, akampa mgongo. Akavua jaketi, akainama chini ya jiwe, akashikilia mwamba kwa mikono miwili.

"Mama, mila imekataza mkono. Mgongo sijasikia. Kanyaga."

"Nitakuvunja!"

"Nabeba magunia ya alizeti kila siku."

"Unanilinganisha na gunia?"

"Hapana, mama. Gunia halisemi."

Evodia akacheka mpaka pimbi akakimbia. Akainua mguu wake mtupu, akamkanyaga mkwewe mgongoni. Mgongo ukatetemeka, ukatulia. Akaweka mguu wa pili. Goti likafika.

Juu kulikuwa na upepo na jua jipya. Ziwa Singidani lilikuwa linang'aa kule chini, ndege heroe wamejipanga pembeni. Loyce alipiga vigelegele. Bonaventura alisimama, firigisi ikimtoka machoni.

"Nani amekupandisha?"

Peniel, aliyekuwa amefuata kwa mbali kuhakikisha mama mkwe haanguki, akajibu akiwa ameangalia pembeni: "Amepanda mwenyewe, mzee. Nimeona kwa macho yangu."

Kwaya nzima ikashangilia. Evodia angeweza kunyamaza, jambo ambalo hajawahi kulijaribu maishani. Stendi ilikuwa yake, Mgogo alikuwa wake, na aibu ya mila ingebaki kule chini na pimbi.

"Mwongo huyo," alisema. "Nimemkanyaga mgongo."

Wamama wa kwaya wakashika midomo.

"Umemkanyaga mkweo?" Bonaventura akauliza.

"Nimemkanyaga mwanangu. Na jogoo utapikiwa."

Kisha akageuka, akamtazama Peniel usoni kwa mara ya kwanza, mbele ya watu wote. Alikuwa na mwanya. Miaka yote hiyo, na hakujua kwamba mume wa binti yake ana mwanya. Evodia akanyoosha mkono.

"Njoo unishike, nikae," alisema. "Nimechoka, mwanangu."