Kawia Ufike: Msusi Aliyekuwa Kazini Siku Treni Ilipoanguka

Saa mbili kasoro asubuhi, na treni inaondoka saa nne. Msusi amesimama nyuma ya kiti, chanuo amelibana kwa meno, vidole vinapanda na kushuka kwenye kichwa cha binti wa mdogo wake. Amefika katikati ya utosi. Anasimama, anainama, anautazama msuko kama anayetafuta chawa. Kisha anaguna na kuanza kuufumua.

"Mamkubwa, huo ulikuwa umenyooka," anasema binti bila kugeuka.

"Umepinda."

"Umenyooka. Nimeuhisi."

"Kichwa chako, macho yangu. Tulia."

Saluni ni chumba kimoja chenye viti viwili, benchi la wanaosubiri na kioo kilichopasuka pembeni. Nywele za bandia zimening'inia kwenye misumari, nyeusi upande huu, za rangi upande ule. Juu ya kabati la mafuta kuna redio ndogo, na juu ya redio, ukutani, yameandikwa kwa rangi nyekundu maneno mawili: Kawia Ufike. Sanduku la binti limesimama mlangoni, limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu imegoma.

Binti ana miaka ishirini kasoro miezi michache na amepata nafasi katika chuo cha uuguzi kilichoko mwisho wa reli. Mwaka jana pia aliipata. Asubuhi ya safari presha ya mama yake mkubwa ikapanda, binti akabaki kumuuguza, nafasi ikaenda kwa mwingine. Mwaka huu chuo kinafunga usajili kesho, na treni nyingine haipiti mpaka siku nne zijazo. Basi lipo, ila linazunguka njia ndefu na lingemfikisha baada ya mlango kufungwa. Asipopanda ya leo, habari imekwisha.

Msuko ulianza jana mchana. Kwa mkono wa msusi yeyote ungekuwa umeisha jana hiyohiyo.

Lakini huyu si msusi yeyote. Mtaani anaitwa Taratibu, na wenye maneno yao husema ukitaka kuingia kijana na kutoka na mvi, nenda kwake. Wenzake husuka vichwa vinne kwa siku, yeye viwili, na cha pili humalizika taa zikiwaka. Kodi ya chumba inakula vichwa kumi vya kila mwezi. Vilivyobaki, kwa miaka yote ya shule, vililiwa na ada ya binti. Hata hivyo wateja hawamkimbii, maana msuko wake hauvuti ngozi na unakaa miezi miwili bila kulegea.

"Watu wananiuliza kwa nini siharakishi," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nawaambia, mtu akiwa kwenye kiti changu, hajaenda popote. Yupo. Namshika kichwa, namwona."

Wachache mtaani wanakumbuka kwamba zamani aliitwa Umeme.

Redio inatangaza kumbukumbu. Leo inatimia miaka kumi na tisa tangu treni ya abiria ilipoanguka na daraja lililoliwa na mafuriko, nchi nzima ikalia siku saba na bendera zikashushwa nusu mlingoti. Kila mwaka siku kama hii, watu hawasalimiani tu. Huulizana walikuwa wapi.

"Mimi nilikuwa napiga deki," anasema mama muuza mitumba aliyekaa benchini. "Niliposikia, nikaliacha fagio na maji yake katikati ya sebule. Mume wangu akarudi, akateleza, akavunjika mkono. Mpaka leo anasema na yeye ni majeruhi wa ile treni."

Msichana wa duka la simu, anayesubiri zamu yake, anasema yeye pia anakumbuka vizuri, alikuwa dirishani akaona watu wanakimbia.

"Wewe? Wewe ulikuwa unanyonya!"

"Nilikuwa na miaka miwili na nusu, mama."

"Ndiyo nasema, ulikuwa unanyonya!"

Wanacheka, kisha wananyamaza kama watu waliocheka msibani. Muuza mitumba anamgeukia msusi. "Na wewe Taratibu? Hujawahi kutuambia."

"Kazini," anajibu, jibu lake la miaka yote.

"Kazini kwa nani?" Ni binti aliyeuliza. "Mimi uliniambia ulikuwa nyumbani, umenibeba mgongoni."

Chanuo linatoka mdomoni. Kabla jibu halijatoka, mlango unafunguliwa na anaingia mwanamke mwenye miwani na mvi za kutosha, mfuko wa machungwa mkononi. Ni mwalimu mstaafu. Kila mwaka huja siku hii, husukwa, huacha machungwa na kuondoka. Binti amemjua tangu utoto kama mteja mwaminifu, basi.

Mwalimu anatazama sanduku mlangoni. Anatazama kichwa kilichofumuliwa nusu, na saa ya ukutani. Anakaa. "Hujamwambia," anasema.

"Sijamwambia, dada."

"Basi mwambie. Mimi nipo."

Na Taratibu anasimulia, akiwa nyuma ya kiti, mahali ambapo binti hawezi kumwona uso isipokuwa kwenye kioo.

Asubuhi ile Mwalimu alikuwa kitini, anawahi treni ya saa nne. Umeme alikuwa amemwahidi kwamba atamaliza mapema, na Umeme alikuwa hakosei. Kichwa kilikuwa kimebaki robo alipoingia mdogo wake, mtoto mgongoni. Mdogo mtu alitaka rasta ndogondogo, kazi ya kutwa nzima, ili asafiri kwa treni ya siku nyingine kumfuata mumewe aliyepata kazi mwisho wa reli. Mtoto angebaki kwa dada mtu mpaka wapate chumba.

"Nikamwambia leo sina nafasi. Nikamwambia, kaa hapo nikupige mistari ya chapuchapu, uende leoleo, mumeo asikungoje. Ukirudi kumchukua mtoto nitakusuka unavyotaka. Mwalimu nikamwomba asogee kidogo. Robo saa tu."

"Nilisogea," anasema Mwalimu. "Kwa kununa, lakini nilisogea."

Alimpiga mdogo wake mistari minene inayolala moja kwa moja kwenda nyuma, ile wanayoiita twende kilioni, maana ndiyo msuko wa mtu aliyepata habari na hana muda. Robo saa haikuisha. Mdogo mtu akajitazama kwenye kioo, akacheka, akasema amefanana na mtoto wa shule, akamkabidhi mwanawe na kukimbia kituoni.

Aliiwahi treni. Mwalimu, aliyerudi kitini kumaliziwa robo yake, alifika kituoni na kuliona behewa la mwisho likikata kona.

"Nikarudi hapa na sanduku langu, nimewaka," anasema Mwalimu. "Nilimtukana huyu matusi ambayo mwalimu hatakiwi hata kuyajua. Nikadai nauli yangu. Akasema hana. Nikakaa hapo benchini, nikaapa siondoki."

Alikuwa bado hapo, amenuna, muziki wa redio ulipokatwa katikati ya wimbo.

"Mimi cha kwanza nilisema, ningekuwemo," anasema Mwalimu. "Mungu anisamehe, nilifurahi. Halafu nikamsikia huyu analiita jina la mdogo wake. Tukatazamana."

Muuza mitumba amejifunika mdomo kwa kiganja. Robo saa moja, mikono ileile; mmoja ilimwahisha na mwingine ilimchelewesha. Tangu siku hiyo msusi hajampiga mtu yeyote twende kilioni. Anayeutaka huelekezwa saluni ya jirani.

"Watu hudhani naogopa jina," anasema. "Siyo jina. Ni mikono. Nikiianza tu ile mistari, nausikia utosi wake. Ulikuwa na kovu dogo hapa, alianguka utotoni nikiwa nimembeba."

Binti amemsikiliza bila kusogea. Anapofungua mdomo, hamuulizi juu ya mama yake.

"Mamkubwa, tangu jana umefumua mara ngapi?"

Msusi anayashusha macho kwenye chanuo.

"Unataka treni iniache."

"Nataka," anasema Taratibu. "Sitakudanganya tena. Nataka ikuache."

"Na presha ya mwaka jana?"

"Presha ilikuwa ya kweli. Ila ilipopanda, nilishukuru."

Binti anafumba macho. Machozi yanamtoka na hayafuti, mikono ameikunja mapajani kama mgonjwa anayesubiri sindano. Msusi naye analia kwa jinsi anavyolia mtu mzima, uso haujabadilika, kidevu tu.

Ni Mwalimu anayesema. "Mdogo wangu, mimi nimeishi miaka kumi na tisa kwa sababu ya kuchelewa. Nisikilize mimi. Siyo kila anayechelewa anaokoka. Mwingine anachelewa tu."

Saa ya ukutani inasema saa tatu na dakika tano.

"Fumua yote," anasema binti. "Nipige ile ya mama."

"Hiyo sisuki."

"Mama alicheka alipojiona kwenye kioo au hakucheka?"

"Alicheka."

"Basi na mimi nataka kucheka. Nipige, Mamkubwa, nauguza watu mimi, siendi harusini."

Wanatazamana kwenye kioo. Kisha msusi anaisogeza miguu yake, kama mtu anayetaka kuinua mzigo, na kumwomba muuza mitumba na msichana wa duka la simu wamsaidie kufumua. Hata Mwalimu anavua saa yake na kushika upande wake. Mikono minane inakishambulia kichwa kimoja, na binti analalamika kwamba wanamng'oa masikio.

Halafu wanampisha, na Umeme anarudi.

Mwandishi hakuwahi kumwona akiwa hivyo, na inaelekea hata muuza mitumba, aliyesukwa hapa miaka saba, hakuwahi. Chanuo linachora njia mara moja. Vidole havionekani. Mstari wa kwanza unalala, wa pili unaufuata.

"Kumbe!" anasema muuza mitumba. "Kumbe siku zote unatuweka hapa kwa makusudi!"

Redioni wameanza kusoma majina ya marehemu. Kila mwaka Taratibu huizima kabla ya kufika jina la mdogo wake. Leo mikono imejaa nywele, na hakuna mwingine anayethubutu kunyanyuka. Msomaji anasoma bila haraka. Jina linasomwa, mara moja, na linafuata la mtu mwingine. Binti analirudia kwa midomo bila sauti. Mikono ya msusi haikusimama.

Saa tatu na nusu haijafika, mistari imekwisha. Binti anajitazama kwenye kioo kilichopasuka, anageuza shavu huku na huku, na kweli anacheka, pua ikiwa bado inatoka kamasi. Pikipiki inapiga honi nje. Sanduku linafungwa nyuma kwa mpira.

"Nikirudi likizo utanisuka ndog..."

"Usimalizie," anasema Taratibu na kumkumbatia mpaka dereva anakohoa. "Panda."

Pikipiki inapoishia, Mwalimu anakaa kitini na kuvua miwani. "Anza. Mimi sina safari."

Msusi anaanza. Mwendo umerudi uleule, lakini leo si wa kumshikilia mtu, ni wa kusubiri. Daraja jipya liko mwendo wa saa mbili kutoka kituoni. Simu ameiweka juu ya kabati, kioo juu. Treni ilipopiga king'ora ikiondoka, aliacha kusuka, akashika kingo za kiti, kisha akaendelea. Msichana wa duka la simu amesukwa kiti cha pili na msusi msaidizi aliyeingia, ameshamaliza na hataki kuondoka. Muuza mitumba anadai anasubiri zamu, ingawa kichwa chake kimefungwa kilemba.

Saa sita na dakika chache simu inalia. Msusi haachi kichwa, hivyo Mwalimu ananyoosha mkono, anaibonyeza na kuiweka kwenye spika.

"Mamkubwa! Tumevuka."

"Umevuka wewe, au mmevuka wote?"

"Wote. Treni nzima. Hata kuku wa mama mmoja hapa wamevuka. Wewe uko wapi?"

Taratibu anacheka huku akijifuta uso kwa mkono wa nguo, na chanuo linadondoka kwenye mapaja ya Mwalimu.

"Niko kazini," anasema. "Nimeshika kichwa cha Mwalimu."

Simu inapokatika anakaa benchini, jambo ambalo wateja wanasema hawajawahi kuliona kabla ya saa ya kufunga. Anauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, nauli ya treni mpaka mwisho wa reli ni kiasi gani siku hizi. Hajapanda treni tangu mwaka ule. Likizo ya chuo ni baada ya miezi mitatu.

"Sitamngoja arudi," anasema. "Mdogo wangu nilimwambia ukirudi nitakusuka. Huyu nitamfuata hukohuko na chanuo langu, nimsuke ndogondogo, kutwa nzima."

"Na usikie," anasema Mwalimu kutoka kitini, nusu ya kichwa ikiwa haijasukwa. "Siku hiyo nakusindikiza mimi. Tutakaa kituoni tangu alfajiri."