Kiti cha Katikati

Siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake: makaa ya pasi, kitambaa kipya, na udongo uliolowa mvua. Ni siku ambayo santuri ya kaka yangu ilifika nyumbani kwetu Kampemba kwa mara ya kwanza. Wewe umekuja kuniuliza maoni yangu juu ya santuri hiyohiyo, jinsi ilivyotengenezwa upya huko Ulaya, sauti zikatenganishwa na kugawanywa katika spika tano zinazokuzunguka chumba kizima. Umenionyesha kwenye simu yako watu wanavyobishana. Huyu anasema ya zamani ilikuwa na joto, yule anasema sasa ndiyo anaisikia vizuri, mwingine anatukana mama za watu kwa sababu ya gitaa. Kaa kwanza. Maoni ninayo, lakini yana safari ndefu, na mimi siku hizi natembea polepole hata kwa maneno.

Wakati huo nchi ilikuwa ikiitwa Zaire, na mimi nilikuwa msichana wa kusuka nywele kila Jumamosi hata kama sina pa kwenda. Kaka yangu Saidi alipiga gitaa. Rafiki yake Ilunga aliimba. Sisi ni watu wa Maniema, Waislamu, na baba yetu alikuwa fundi cherehani. Ilunga alikuwa Mkatoliki, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga. Kilichowaunganisha ni kelele tu. Walipenda roki, ile ya gitaa linalolia kama bati linakatwa, na majirani walituonea huruma. Huyo Ilunga baadaye alinioa, kwa hiyo ukimcheka ujue unamcheka bwana wangu.

Siku hiyo vijana wa mtaa walijaa barazani kwetu, gramafoni ya kuazima ikawekwa juu ya meza ya baba ya kukatia vitambaa. Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaisha, maoni yakaanza.

“Bila Saidi, hii disiki iko bure,” mmoja alisema.

“Weye haujue kitu,” mwingine akamjibu. “Bantu bataipenda juu ya sauti ya Ilunga.”

Wakaendelea hivyo, wakiwagawana wale wawili kama nyama ya sherehe, na wenyewe wamesimama palepale wanasikia. Saidi alikuwa akitabasamu upande huu, Ilunga upande ule. Baba akaacha kukanyaga cherehani. Akainuka, akaondoa sindano juu ya santuri, akashika koti alilokuwa akilishona.

“Hakuna mutu anavaaka mukono moja ya koti,” alisema. “Shiye tunashonaka, ninyi munapasula na midomo.”

Ujue, mwanangu, baba alikuwa na desturi yake. Nguo iliyoshonwa na mafundi wawili haikutoka nyumbani kwake mpaka kila fundi aushike mshono wa mwenzake na kusema neno moja zuri juu yake, kwa sauti, mwenzake akisikia. Alisema mshono usiosifiwa na fundi mwenza hufumuka mapema. Sisi watoto tulidhani ni ushirikina wake tu. Basi akawageukia wale wawili, akawaambia: “Kabla ya bantu kusema, musemezane ninyi babili. Saidi, ambia mwenzako kitu gani alifanya muzuri. Ilunga, na weye vilevile.”

Saidi akamtazama Ilunga. Ilunga akatazama viatu vyake. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze, na vijana wote barazani wamewakodolea macho.

“Kisha, papa,” Saidi akasema. Kisha, kwetu hapa, ni baadaye.

“Ndiyo, papa, kisha,” Ilunga naye akasema, akacheka.

Baba akarudisha sindano, akarudi kwenye cherehani yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu hufungwa likaunga. Hawa walivunjika mahali ambapo hakuna mganga anayefika.

Santuri ilipendwa, na hapo ndipo balaa ilipoanza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila mahali Saidi alipopita aliambiwa kwamba bila yeye Ilunga ni mwimbaji wa kwaya tu. Kila mahali Ilunga alipopita aliambiwa kwamba Saidi anapiga gitaa kama mtu anayetafuta funguo gizani. Hawakugombana, na heri wangegombana, maana wagombanao huamuliwa. Walinyamaza tu. Kila mmoja alikuwa anangoja lile neno moja ambalo baba aliwaagiza waambiane, na kwa kuwa halikuja, aliona watu wanaomsema mwenzake wana ukweli. Kundi likafa kabla halijarekodi santuri ya pili.

Kwenye harusi yangu Saidi alicheza na kila mtu isipokuwa bwana harusi. Baadaye akahamia Lukafu kulima mahindi. Ilunga akapata kazi ya ofisi, akaacha kuimba hata akiwa anaoga. Kwenye msiba wa baba, kila mmoja alikaa na kundi lake la waombolezaji. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Nyasi ni mimi, na nyasi zenyewe sasa zimeota mvi.

Nilizeeka nikiwa na ombi moja kwa Mungu, kwamba wale wawili waambiane lile neno kabla hatujazikana. Sikuomba lingine. Hata wajukuu sikuwaomba, walikuja wenyewe.

Basi mwaka huu binti yangu Furaha, anayeishi Ubelgiji, akapiga simu kwamba wenye kanda za zamani wameitengeneza upya santuri ile. Akaja nayo likizo, pamoja na spika tano, akazipanga katika sebule yetu hapa Bel-Air. Nikampigia Saidi mwenyewe. Nikamwambia sijawahi kumwomba kitu, sasa namwomba. Nilidhani atakataa. Akashuka kutoka Lukafu na gunia la mahindi begani, mzee mzima, akaingia nyumbani kwa bwana wangu. Nilipika bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki, huku machozi yananitoka, nikasingizia vitunguu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo sisi tu tungeweza kulifanya.

Furaha aliweka kiti kimoja katikati ya chumba. Akaeleza kwamba sauti zote tano zinakutana pale, na ukikaa pembeni utasikia zaidi ile spika iliyo karibu nawe. Watu wakamtazama kama amechanganyikiwa. Hapa kwetu, mwanangu, mgeni wa heshima huketishwa ukutani, kwenye kiti kikubwa, mgongo wake ukiwa salama. Katikati ya sebule, watu wote wakiwa wamekuzunguka, ni mahali pa mtu anayesutwa, au mahali pa jeneza. Nani amkalishe mzee pale? Majirani wakashika kile kiti, wakakitoa nje. Saidi wakampa kiti kikubwa cha pembe ya mbele, karibu na spika ya sauti ya mwimbaji. Ilunga wakampa kiti cha pembe ya nyuma, ukutani, karibu na spika ya gitaa. Ilikuwa heshima tupu, kutoka mlangoni hadi dirishani.

Muziki ukaanza, na kila mtu akasikia kutoka mahali alipokaa. Waliokaa mbele wakasema sauti ya Ilunga sasa ni kama anakupumulia sikioni, na gitaa limefanywa dogo, afadhali. Waliokaa nyuma wakasema gitaa limefufuka, na mwimbaji hakuwa na maana tangu zamani. Vijana wakaanza kuandika kwenye simu palepale. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: uzee wote ule, na maoni ni yaleyale ya barazani kwa baba.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati na sinia ya soda. Na pale, mwanangu, nikawasikia. Gitaa lilikuwa linakuja nyuma ya kisogo changu, sauti ikanijia usoni, vikakutana kifuani kwangu, na wale wawili wakawa vijana tena, wanacheka. Niliona furaha kubwa sana, na ndani ya furaha ile nikaona uchungu, kwa sababu nilikuwa naisikia peke yangu.

“Yaya Saidi,” nikamwita kaka yangu, halafu bwana wangu: “Papa Furaha. Kujeni hapa pa miye niko.”

Saidi hakuinuka. Alikuwa amekunja uso. “Bananitosha,” alisema, yaani wamemtoa. “Gitaa yangu bamekwisha kuitosha, banaacha paka sauti.” Paka, kwetu hapa, ni tu.

“Sauti gani?” Ilunga akasema kutoka pembe yake. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Saidi tangu sijui lini. “Hapa iko paka gitaa. Miye niko nyuma ya mulango.”

“Mujomba, kuja ukae katikati,” Furaha akamsihi. “Utasikia vyote.”

“Katikati?” Saidi akasema. “Nimekufa? Munataka kuniweka pale sawa maiti?”

Watu wakacheka. Ilunga hakucheka, Saidi hakucheka. Baadaye nimewaza sana juu ya hilo. Kwa mara ya kwanza maishani, kila mmoja alikuwa amewekwa karibu kabisa na sauti ya mwenzake, na kila mmoja aliona ametukanwa.

Nilimsindikiza Saidi hadi barabarani. Akasimama, akashika lango letu.

“Dada,” alisema, “ile sauti ya bwana yako. Kumbe iko muzuri vile. Wakati tulikuwa tunapiga sikuisikiaka, nilikuwa ninajisikia miye.”

“Rudi ndani umwambie.”

“Hapana leo, na bantu bote bale. Na weye usimwambie. Nitamwambia miye mwenyewe. Kisha.”

Nikanyamaza kwa sababu aliniomba, na kwa sababu nilifurahi. Nilidhani ombi langu limefika kwa Mungu, limebaki kujibiwa tu.

Saidi alifariki masika yalipokolea. Alilala na presha yake, hakuamka. Unajua Waislamu hatucheleweshi maziko, na unajua barabara ya Lukafu mvua ikinyesha. Tulipofika, udongo ulikuwa umeshasawazishwa. Ilunga alisimama miguuni pa kaburi, kofia mkononi, mvua inampiga kichwani. Nilimsubiri aseme lile neno mpaka nikachoka kusimama.

Njiani tukirudi nikamwambia maneno ya Saidi, yote, kama nilivyokuambia wewe. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Aksanti, mama Furaha,” alisema. “Lakini usinibembeleze sawa mutoto.”

Nikamwapia kwa jina la baba yangu. Akatikisa kichwa.

“Kama alitaka kusema, kinywa alikuwa nacho.” Akatazama matope nje ya dirisha. “Na miye vilevile nilikuwa nacho.”

Hakuniamini, mwanangu. Mpaka leo haniamini. Sifa inayoletwa na mke ni kama chakula cha mgonjwa, anakila kwa adabu tu. Neno lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe yuko chini ya udongo wa Lukafu. Watu huniambia muda utaponya. Muda ndio uliotuua, sasa utaponyaje?

Umemwona Ilunga ulipoingia. Umeona alipokaa: katikati ya sebule, kwenye kile kiti, na wala haogopi tena kufanana na maiti. Kila alasiri, umeme ukiwapo, anaiwasha santuri. Anakwenda kwanza kwenye spika ya mbele, ile ya sauti yake mwenyewe, anachomoa waya. Anajizima. Kisha anakaa anasikiliza gitaa la Saidi tangu mwanzo hadi mwisho, na wimbo ukiisha anasema, “Iko muzuri, mulamu.” Shemeji, maana yake. Halafu anatega sikio, kama anangoja kujibiwa. Mimi huwa nakwenda jikoni.

Basi hayo ndiyo maoni yangu juu ya santuri uliyoniuliza. Ya zamani ni nzuri au mpya ni nzuri, sijui, na waulize wenye simu. Ninachojua ni hiki. Usisifu mkono wa koti mbele ya aliyeshona mkono mwingine, maana ulimi hauna mfupa lakini huvunja nyumba. Ukisikia kitu nusu, uliza kwanza umekaa wapi. Na wewe mwenyewe, kama kuna mtu uliyefanya naye kazi, na unajua moyoni kitu gani alifanya vizuri, usingoje aanze yeye. Usingoje watu waondoke, usingoje mvua ipite. Maji yakimwagika hayazoleki, na sikio likizikwa halifunguki.

Mungu akupe kinywa chepesi kwa wema. Akupe wenzako wa kushona nao, na siku watakapokusifu wakukute hai na masikio mazima. Chukua simu yako, mpigie yule uliyemfikiria sasa hivi nilipokuwa nasema. Mpigie hapahapa, kabla hujavuka lango. Na Mungu akuepushe, mwanangu, na lile neno kisha.