Tulivyomsiribia Mgeni Nyumba

Nikipita barabara ile ya Tororo nakaza macho mbele, sitaki hata kuliona lile jengo. Pale liliposimama duka la kale, lililojengwa na Wahindi kabla baba yangu hajazaliwa, sasa kuna jengo la vioo na askari wa kukufukuza mlangoni. Mimi nilishona kwenye baraza ya duka lile miaka ishirini. Usiniambie ni maendeleo. Maendeleo gani hayo yanayomnyima mama kivuli cha kutungia uzi?

Tulikuwa mafundi cherehani saba chini ya paa lile, tukishona magauni ya gomesi ya harusi na sare za shule. Nguzo zilikuwa za mviringo, na juu kabisa kwenye paji la nyumba palikuwa na maua ya plasta yaliyouzunguka mwaka wa kujengwa, namba nne za plasta vilevile. Mtu wa kijijini akiuliza njia aliambiwa, "Nenda nyumba ya namba," na hakupotea.

Akaja tajiri mmoja, akainunua, akatuambia tuhame kwa sababu anaivunja. "Hii gofu mnapendea nini?" akacheka. Nyoo! Gofu limemlisha nani, yeye au mimi? Nilizunguka na daftari mlango kwa mlango nikikusanya sahihi, hata wateja wetu wa Busia ng'ambo ya Kenya wakatia zao. Tukaandika barua Kampala. Jibu likaja kwamba ofisa wa majengo ya kale atakuja kuitazama nyumba, na akiridhika, hakuna atakayeruhusiwa kuivunja.

Mimi ni mzaliwa wa Petta, kijijini. Kwetu, ikisikika kwamba mgeni anakuja, wanawake wanasiriba nyumba kwa udongo na samadi mpaka ufa wa mwisho uzibike. Mgeni akikuta nyufa, aibu ni ya mwanamke. Basi nikawaambia wenzangu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu mgeni atukute safi." Wote wakakubali. Na Tororo ni mji wa saruji. Hapa kila ugonjwa wa nyumba dawa yake ni mfuko mmoja.

Tulimwita mwashi, mume wa mwenzetu mmoja. Nilimwamuru mwenyewe: gonga plasta yote ya zamani, utoe, kisha upake mpya. Siku mbili akamaliza. Paji la nyumba likawa laini kama sahani, nasi tukapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyeanza, mjinga mimi!

Ofisa alikuwa binti mdogo mwenye kamera. Alitazama juu kwa muda mrefu.

"Mama, barua yenu ilisema kuna mwaka umeandikwa juu. Uko wapi?"

Mwashi akajibu, "Ilikuwa kwa plasta ya zamani, madam. Mimi natoa yote na nyundo."

Yule binti aliketi kwenye benchi langu, akashika kichwa. Alisema mwaka ule ndio uliokuwa ushahidi wa umri wa nyumba. Hati hazikuwepo, Wahindi wale walifukuzwa nchini, na karatasi zao hakuna ajuaye ziliko. "Basi nileteeni picha yoyote inayoonyesha mwaka," alisema. Tukapekua masanduku. Picha za harusi, za ubatizo, za watoto na sare mpya, zote zimepigwa barazani pale na zote zimeishia kwenye vichwa vya watu. Nani hupiga picha paa? Binti akaandika, akaaga, na baadaye likaja jibu kwamba ushahidi hautoshi.

Katapila lilikuja asubuhi ya siku ya soko. Nilisimama ng'ambo ya barabara, mkasi mkononi, nikimtukana tajiri na ukoo wake. Pigo la kwanza liligonga paji la nyumba. Saruji yetu ikabanduka kipande kizima, kama ukoko wa ugali. Chini yake, Mungu wangu, mwaka ulikuwepo! Namba zote nne, na maua yake, hakuna hata petali moja iliyovunjika.

"Simama!" nilipiga kelele. "Simamisha! Mwaka ule pale!" Dereva hakusikia, au hakutaka. Pigo la pili likaushusha wote.

Mwashi alikuwa amesimama kando yangu. Nikamshika shati.

"Ulisema umeitoa!"

"Ile plasta ilikuwa ngumu sana, mama. Mimi nafunika tu."

"Mbona ulimwambia binti umeitoa?"

"Si wewe uliniambia nitoe? Ningesema nini mbele yako?"

Nilimtukana mpaka sauti ikakauka, na bado hasira haijaniisha. Lakini siku ile binti alipouliza mwaka uko wapi, mkasi nilikuwa nao mkononi hivi hivi. Ngazi ya mwashi ilikuwa bado imeegemea ukutani, na hakuna hata mmoja wetu aliyepanda kukwangua.