Masikio ya Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa sauti, na kwa miaka ishirini na tisa nyumba yetu imekula kwa masikio yake. Wenzake wanamwita Masikio. Akisimama nyuma ya meza yake ya vitufe, alikuwa anataja waya uliolegea kabla mpigaji mwenyewe hajajua. Mimi nashona nguo. Masikio yangu, kwa maneno yake, Mungu alinipa nipate pa kutundikia hereni.

Kila mwaka anafanya kazi kwenye tamasha la siku tatu katika uwanja wa maonyesho. Ni la bendi ndogondogo zisizo na kampuni wala meneja, zinazorekodi nyimbo chumbani kwa shangazi. Mimi huenda na kiti changu cha kukunja, nikakaa safu ya tatu. Mwaka huu ilifungua bendi iitwayo Samahani kwa Usumbufu, ikafuata Jumatatu Tena, vijana wanne waliopiga wimbo mmoja kwa dakika kumi na saba huku wametupa kisogo. Niliwapenda, sijui kwa nini. Lakini hasa nilikuwa nasubiri siku ya tatu, saa kumi jioni, bendi ya binti yetu itakapopanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Binti yetu anapiga fidla.

Samahani kwa Usumbufu hawajamaliza wimbo wa pili, safu ya kwanza yote ilikuwa na vidole masikioni. Gitaa lilipanda mpaka meno yakaniuma. Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa ametulia tuli, anazidi kusukuma juu vitufe vya sauti nyembamba, uso wake wa mtu anayetafuta kitu alichokidondosha.

Nilikuwa najua tangu mwaka jana. Birika letu hupiga filimbi maji yakichemka. Siku moja lilipiga hadi maji yakakauka, na yeye amekaa pembeni yake anasoma gazeti. Akasema birika ni bovu, akaleta jingine. Nalo likawa bovu. Sasa tuna mabirika matatu, yote mazima. Besi anaisikia, mazungumzo anayasikia, mlango ukigongwa anafungua. Sauti nyembamba ndizo zilizomkimbia, na kwa kuwa hazisikii, anaziongeza mpaka azipate, wakati sisi wengine tulishazipata zamani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema mke wake afanye nini.

Siku ya pili mratibu wa tamasha alikuja mezani. Ni mtu mwenye adabu, hata kulalamika analalamika kwa kuomba radhi. Alisema anamheshimu sana fundi, lakini wauza chakula wameanza kuhamisha meza zao, na kesho spika zikipiga kelele tena atalazimika kuita fundi mwingine. Mume wangu akajibu kwamba bendi za siku hizi hazijui kukaza nyuzi. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alitembea mbele yangu njia nzima.

Asubuhi ya siku ya tatu, tukiwa tunakunywa chai, uvumilivu ulinishinda.

“Mzee,” nikamwambia, “mabirika hayana kosa.”

Akakoroga chai yake kwa muda mrefu. Ilikuwa haina sukari.

“Nani mwingine anajua?”

“Mimi tu.”

Akauliza tangu lini, nikamwambia tangu birika la kwanza. Alikasirika kidogo kwa ajili ya yale mawili mengine. Kisha akasema leo nikae naye mezani: sauti nyembamba zikizidi nimguse goti mara moja, zikipungua mara mbili. Ila binti asijue. Alipokuwa anajifunza, baba yake alikuwa anamsahihisha akiwa chumba cha pili, na mtoto alikua akiamini hakuna kinachompita baba. Mume wangu alikuwa tayari kupoteza kazi kuliko kupoteza hilo.

Mratibu aliponikuta mezani aliuliza habari zangu. Mume wangu akasema nimemletea chai. Sikuwa na chupa wala kikombe. Bendi ya kwanza nilimgusa goti mara arobaini hivi. Ya pili, watu wakaanza kutoa vidole masikioni. Kufikia saa tisa wauza chakula walikuwa wamerudi, mratibu ananionyesha dole gumba kwa ajili ya chai, na kidole changu kinauma.

Saa kumi bendi ya binti yetu ikapanda. Zilianza ngoma na besi, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha binti yetu akainua upinde. Baba yake akainama mbele, mkono ukaenda kwenye kitufe cha fidla. Nikamgusa mara moja. Akaacha, akarudia tena. Safari hii niliuacha mkono wangu pale gotini.

“Imetoka?” akaniuliza.

“Imetoka. Iko sawa.”

“Mimi naona mkono wake tu.”

Niliumia kuliko nilivyotegemea. Nikasogea karibu na sikio lake nikaanza kumsimulia. Majina ya noti siyajui, nilisema ninavyojua: sasa anapanda, sasa ameshikilia sauti moja, haitetemeki, sasa anataniana na besi, hapa amekosea, amerudi njiani, wenzake hawajagundua. Nilisimulia dakika thelathini na tano. Mtu mmoja nyuma yetu alituomba tuache umbea.

Binti alishuka akaja moja kwa moja mezani, jasho linamtiririka. Mratibu naye alikuwa pale, anasifu spika. Binti akauliza swali analouliza tangu ana miaka tisa.

“Baba, umenisikia?”

Ilitosha baba yake aitikie kwa kichwa tu. Niligeuza uso pembeni ili adanganye kwa raha zake.

“Sikukusikia, mwanangu,” akasema. “Sauti hizo zimeniacha. Mama yako amenisimulia. Anasema ulikosea katikati, ukarudi vizuri.”

Mratibu akaacha kusifu. Binti akatazama vitufe, akanitazama mimi.

“Kweli nilikosea,” akasema, akaanza kulia, na baba yake akasogea kumpisha kwenye benchi.

Bendi iliyofuata ilikuwa tayari jukwaani, inasubiri. Mratibu akakohoa, akaniuliza mimi kama nitakuwepo mpaka mwisho. Nikamwambia nipo.