Punda Wangu Alipohamia Moa

Sogea karibu unisikilize, hasa kama una mnyama unayempenda na huwezi tena kukaa naye. Mimi nimeyapitia hayo, na nilikosea mahali ambapo hata wewe ungeweza kukosea, kwa hiyo usione haya.

Punda wetu alikuwa jike, wa kijivu, sikio moja limechanika ncha. Marehemu mume wangu alimnunua akiwa mdogo, wakavuta nazi pamoja miaka mingi kutoka mashambani hadi sokoni Ngamiani. Mume wangu alipofariki nikaushika mkokoteni mwenyewe. Majirani zangu wa Mabawa walinicheka mwanzoni. "Bi Punda huyo anapita!" Kisha wakazoea, wakaanza kuniagiza nazi.

Punda alikuwa akilala kwenye kiwanja kitupu kando ya nyumba yangu. Kiwanja hakikuwa changu, lakini mahali pakikaa patupu muda mrefu unasahau kwamba pana mwenyewe. Siku moja mwenyewe akaja na mafundi na lori la matofali. Alikuwa mstaarabu, akanipa mwezi mmoja nimhamishe mnyama. Uani pangu ni padogo, hata mbuzi hawezi kugeuka.

Nikatangaza kwa watu ninaowajua. Wa kwanza kuja alikuwa mwanamume mwenye pikipiki. Hakutazama kwato wala meno. Alimfinya ngozi ya shingo, akaisugua vidoleni kama mtu anayechagua kanga dukani, akauliza, "Huyu ana kilo ngapi?"

Nilielewa anamtaka wa kuchinja, auze ngozi. Nikamwambia punda hauzwi.

"Utampeleka wapi, mama? Mimi nipo tu. Ukichoka, niite."

Maneno yale yalinikaa kifuani wiki nzima, maana yalikuwa ya kweli: nisipopata mtu, nitamwita.

Kisha akaja mkulima kutoka Moa. Wazazi wake walitoka bara zamani kuja kukata mkonge, naye amebaki pwani, ana shamba lake, na ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Alinipa shikamoo, akamzunguka punda bila kumgusa, akainama kutazama kwato, mwishowe akauliza, "Anapenda kula nini?" Hapo moyo wangu ukatulia. Nilimpa punda na mkokoteni wake, kwa sharti moja: akishindwa naye, amrudishe kwangu, asimpe mtu mwingine.

Nikamweleza kila kitu. Anapenda maganda ya maembe. Haogopi pikipiki, anaogopa mwavuli. Mkanda wa kifuani uwekewe gunia laini. Nilidhani nimemaliza.

Siku ya tisa akapiga simu. "Mama, punda amegoma. Tunamfunga, tunapakia, anasimama kama nguzo. Simpigi, usiwe na wasiwasi. Lakini mavuno yako shambani, na sharti lako nalikumbuka. Nimrudishe lini?"

Nilichungulia dirishani. Kwenye kiwanja kile ukuta ulikuwa umefika usawa wa kiuno changu. Nikamwomba asubiri, nije kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi, kisha bodaboda hadi shambani kwake. Punda aliponiona alisogeza lile sikio bovu tu, basi. Alikuwa amenawiri. Mkokoteni ulikuwa umepakiwa magunia ya muhogo.

"Twende!" mkulima akasema. Akapiga mluzi. Akavuta kamba. Punda akamtazama kwa upole, asiinue mguu.

Nikaenda kukagua mafundo ya kamba, moja moja, kama nilivyozoea. Yote yalikuwa sawa. Nikaweka kiganja shingoni mwake, na bila kufikiri nikasema, "Bismillahi."

Punda akaondoka na mkokoteni.

Mke wa mkulima alicheka mpaka akakaa chini. Mkulima alishika kichwa. "Yaani siku zote hizi alikuwa anangoja hilo?"

Nilisimama pale nikaona aibu. Mume wangu hakuwahi kuanza safari bila kulisema, nami nikalirithi pamoja na mkokoteni. Kwetu neno hilo liko mdomoni kila saa, ukimenya kitunguu, ukifungua mlango. Ningekumbuka vipi kumwelekeza mtu jambo ambalo sijui kwamba nalifanya?

"Mama," mkulima akasema kwa sauti ya chini, "mimi ni mzee wa kanisa. Majirani wakinisikia watasema nimesilimu kwa ajili ya punda."

"Mwanangu, yeye hajui dini. Mimi husema neno hilo baada ya kukagua kamba zote. Kwake maana yake ni kwamba mzigo umekaa sawa, hautamwangukia."

"Sema tu, baba watoto," mkewe akadakia. "Mungu anajua unaongea na nani."

Tukamrudisha punda, akasimama. Mkulima akakohoa, akatazama njia huku na huku, akalitamka haraka. Punda hakutikisika.

"Umeruka kamba," nikamwambia. "Anza na mafundo, halafu kiganja, halafu neno. Usiwe na haraka, utaweza."

Akakagua fundo moja moja. Akaweka kiganja. Akasema taratibu, na safari hii hakutazama njiani. Punda akainamisha shingo, akavuta.

Walishika njia ya kwenda barabarani, nami nikabaki na mke wa mkulima. Nilingoja punda ageuze kichwa. Hakugeuza, na ndivyo nilivyotaka, ingawa nilitaka pia ageuke.

Siku hizi dirisha langu linatazama ukuta uliopigwa rangi ya maziwa. Asubuhi nikifunga kikapu cha sokoni mkono wangu huenda wenyewe kukagua fundo, nikasema bismillahi, kisha nikasikiliza kidogo kabla ya kuondoka. Kwato hazisikiki.

Basi ukitaka kumkabidhi mtu mnyama wako, mwite aje siku moja kabla, akae kimya akuangalie ukifanya kazi naye tangu asubuhi, na aandike kwenye karatasi kila neno unalomwambia mnyama huyo.