Mlango wa Mwezini na Kamba ya Luanda Kotieno

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu Akinyi, na leo nimekata shauri nikusimulie, kwa sababu tangu ufike kutoka Nairobi unakula ugali kama mtu anayemeza dawa. Jana ndipo ulipofungua moyo. Ulichukua sufuria zangu mbili na mfuniko mmoja ukanionyesha kazi yako, nami nikaelewa. Nyinyi vijana wa nchi mbalimbali mnachora mlango wa vyombo vya angani, mlango ambao chombo cha nchi yoyote kinaweza kujishikiza, ili watu wakipata shida huko karibu na mwezi, yeyote aliye jirani awafikie na kuwatoa. Mfuniko mmoja, sufuria zote. Nilifurahi sana, nikaona kumbe mjukuu wangu anafanya kazi ya maana.

Kisha ukaniambia kinachokukondesha. Mataifa makubwa yamegawanyika makundi mawili, kila kundi linataka kujenga makao yake mwezini, na wakubwa wako wameamriwa wabadilishe vipimo ili mlango wenu usikubali chombo cha wale wengine. Jumatatu mnakutana, na wewe utaulizwa kama uko tayari kuuchora upya. "Dani, bibi yangu," uliniambia, "nikikataa napoteza kazi, nikikubali kuna mtu nitamfungia nje na hata simjui." Ukasema afadhali uache kila kitu urudi Kisumu. Ngoja kwanza. Mambo ya mwezi mimi siyajui, lakini mambo ya makundi mawili nayajua vizuri.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nikinunua omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, Mbita na kuja kuziuza Kisumu. Kutoka Mbita tulivuka ziwa kwa boti mpaka Luanda Kotieno. Wenye boti walikuwa wamegombania abiria mpaka wakatengana. Kila kundi lilikuwa na mwenyekiti wake na rangi yake ubavuni mwa boti, wengine bluu, wengine nyekundu. Kila mwenyekiti alitoa amri kwamba boti yake isiwasaidie wale wengine wala isikubali msaada wao, na nahodha atakayekaidi asipakie abiria tena. Sisi abiria tulicheka tu. Tuliona ni ugomvi wa wanaume waliokosa kazi ya kufanya.

Siku hiyo nilipanda boti ya bluu. Nahodha aliitwa Okoth, kijana mpole, mwoga kidogo, mwenye watoto wadogo nyumbani. Tulipofika katikati ya maji injini ikakohoa, ikanyamaza. Akaivuta mpaka mikono ikachubuka, wapi. Upepo nao ukaamka, mawimbi yakaanza kutumwagia maji ndani, tukawa tunayachota kwa ndoo na mabakuli. Niliogopa, mwanangu, sitaki kukudanganya. Nilikumbatia gunia langu la omena kana kwamba hilo ndilo lingeniokoa.

Ndipo boti nyekundu ikatokea. Nahodha wake hakuuliza kitu. Alisogea karibu akarusha kamba, ikaanguka miguuni pa Okoth. Okoth akaitazama tu.

"Mwenyekiti alikataa," akasema. "Nikishika hii, mimi kazi imeisha. Watoto watakula nini?"

Mama Auma, mzee aliyeuza samaki tangu kabla sijazaliwa, alikuwa amekaa nyuma akichota maji. Akaweka ndoo chini.

"Omera, ndugu yangu, huyo mwenyekiti ako wapi?" akamwuliza. "Nionyeshe yeye hapa kwa maji, nimsalimie."

Okoth akageuza macho kule ufuoni.

"Haya. Yeye ako nyumbani anakunywa chai. Hiyo maneno yenu ni ya nchi kavu. Funga kamba, tukifika mtaendelea kugombana." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye gunia, unaangalia nini? Kuja tushike!"

Tukaishika, yeye na mimi, na mwishowe Okoth mwenyewe, tukaifunga kwenye ubao wa mbele. Boti nyekundu ikatuvuta polepole mpaka ufuoni, sote tumelowa chapachapa, wengine wanalia, wengine wanacheka.

Sasa sikiliza sehemu ninayoipenda. Mwenyekiti wetu alikuwa amesimama palepale ufuoni, amevimba, tayari kumfukuza Okoth. Mama Auma hakumtukana. Alimwambia mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wanawake wa soko hawatapanda tena boti yoyote, ya bluu wala nyekundu, mpaka wenyeviti wote wawili wakubaliane kwamba anayezama hashiki rangi, anashika kamba. Wakajifanya hamnazo. Boti zikakaa tupu, omena zetu zikakaa ng'ambo, tukavumilia. Mwishowe wakaketi pamoja wakakubaliana hilo moja tu. Mengine waliendelea kugombana, na nadhani wanagombana hata leo. Okoth alibaki na kazi yake mpaka akazeeka nayo.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usiache kazi, maana ukiondoka mlango huo utachorwa na mtu asiyejali. Wala usifanye ujanja wa kuficha vipimo vya zamani ndani ya vipya. Ukigunduliwa hutaaminika tena. Nenda Jumatatu useme waziwazi, kwa sauti ya kawaida. Usiwaambie wakubwa waache siasa, hawataacha, na pengine bila kushindana kwao hakuna ambaye angetoa hela za kwenda mwezini. Waache wapandishe bendera zao. Waombe mlango tu. Tena usiombe peke yako. Watafute wale watakaopanda vyombo hivyo, wa makundi yote mawili, wawaambie wakubwa wao kama wako radhi kusafiri na mlango usiomfungukia jirani. Huenda mkakataliwa. Itauma, nawe utarudi hapa tule samaki, utafute kazi nyingine bila aibu.

Na wakikuuliza mambo haya yanakuhusu nini wewe binti wa Kisumu, wajibu. Siku ile nilikuwa na mimba, bado haijaonekana. Mama Auma hakujua, Okoth hakujua, wala yule wa boti nyekundu aliyeturushia kamba hakujua. Baba yako alikuwa ndani ya boti ile, na nauli hakulipa.

Mungu akutangulie Jumatatu, Akinyi, akupe ulimi mtulivu na moyo usiotetemeka. Awalinde hao watakaokwenda mbali kuliko sisi sote, na siku watakapobisha hodi kwa jirani huko juu, wafunguliwe. Sasa kula, mama, ugali unapoa.