Kikombe Juu ya Shujaa

Katika mchezo wao wa mezani wa hadithi na dadu, ambapo kila mchezaji ana shujaa wake, mwendesha mchezo hapandishi sauti hata joka linapoingia. Husogeza visanamu vya mashujaa mezani kwa ncha ya kidole, na akisema, "Dadu imesema," basi imesema. Shujaa akifa, humlaza chali na kumfunika kwa kikombe, kisha mchezaji wake hutumwa jikoni kuchemsha chai, maana maiti hana kauli kikaoni. Jumamosi hii zamu ya kufa ilimwangukia shemeji yake, bingwa wa kukurupuka.

"Shemeji, dadu iligonga sahani! Nirushe tena."

"Jikoni, shemeji."

Akaenda akinung'unika. Waliobaki wakatoa panga na farasi wa mashujaa wao kama malipo ili shujaa wa shemeji afufuliwe. Mwendesha mchezo akatikisa kichwa. Kwake, kitu kisichokuuma kukitoa hakimrudishi mtu. Ndipo mchezaji mmoja, nesi ambaye kila wiki hugombana na shemeji huyo, akasema polepole, "Chukua sauti ya mwimbaji wangu."

Wimbo wa mwimbaji huyo, shujaa wa nesi, ndio uliowafungulia kila lango tangu mchezo uanze.

"Hataimba tena kabisa," mwendesha mchezo akamwonya.

"Najua. Mfufue kabla sijaghairi."

Kikombe kikainuliwa. Shemeji akarudi na birika, akamwona shujaa wake amesimama, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Si niliwaambia mimi sifi! Haya, mwimbaji, tuimbie twende zetu."

Nesi akainamisha macho. Mwendesha mchezo akamsogezea shemeji dadu, akasema kwa sauti ile ile, "Zamu yako. Mbele yenu kuna lango, na limefungwa."